Kuingia na Kufanya Kazi katika Chama cha Wahafidhina cha Wanafunzi wa Oxford

Mwanafunzi mpya wa Oxford hukutana na mamia ya vyama katika maonyesho ya mwanzo wa mwaka, yale yanayofanyika wiki ya sifuri, yaani wiki moja kabla masomo ya muhula wa Michaelmas hayajaanza mwezi wa Oktoba. Moja ya meza hizo ni ya Oxford University Conservative Association, kifupi OUCA, chama kilichoanzishwa 1924. Mwongozo huu ni kwa anayetaka kuketi kwenye meza hiyo na kufanya kazi. Tumemfikiria zaidi msomaji wa Kiswahili anayekwenda kusoma huko, ingawa hata anayeunda chama cha mijadala Dodoma au Eldoret atapata humu vitu vya kuchukua.

Kwanza majina, maana wageni wengi hupotea hapo. Oxford Union ni klabu ya mijadala iliyoanza 1823. Haina chama cha siasa, ina jengo lake mjini, na uanachama wake ni wa maisha na unagharimu pauni mia kadhaa. Serikali ya wanafunzi, inayowawakilisha mbele ya chuo, ni kitu kingine kabisa. Bullingdon ni klabu ya karamu. OUCA ndiyo yenye uhusiano na Chama cha Conservative cha Uingereza, na ada yake ni ndogo mno ukiilinganisha na ya Union. Usije ukalipa ada ya Union ukidhani umejiunga na wahafidhina. Kabla ya kutoa kadi ya benki, soma jina lililoandikwa kwenye risiti.

Pia neno lenyewe. Kwetu mhafidhina ni mtu anayeshikilia mila na dini. Oxford utakuta watu wa aina hiyo wachache, kisha utakuta wengi wanaotaka kodi ndogo na soko huria, na wengine wanaoamini kwamba mwenye mali ana deni kwa maskini wa nchi yake. Wote wanaitana wahafidhina na wanabishana wao kwa wao zaidi kuliko wanavyobishana na watu wa Labour, chama cha mrengo wa kushoto. Ukishika jambo hili mapema, mijadala ya chama ya Jumapili usiku utaielewa.

Historia unayoihitaji

Hakuna atakayekupa mtihani, lakini visa vitatu vinatajwa mara kwa mara, na kila kimoja kina kazi.

Cha kwanza ni cha Edward Heath, rais wa OUCA mwaka 1937. Vuli ya 1938, baada ya Neville Chamberlain kurudi kutoka Munich na mkataba wake na Hitler, ukatokea uchaguzi mdogo katika jimbo la Oxford. Mgombea wa Conservative alikuwa Quintin Hogg, aliyeutetea mkataba ule. Heath alikuwa ameiona Ujerumani ya Hitler kwa macho yake mwaka uliotangulia. Akamfanyia kampeni mpinzani, A. D. Lindsay, mkuu wa koleji yake ya Balliol, ambaye hakuwa mhafidhina hata kidogo. Hogg alishinda kwa kura 15,797 dhidi ya 12,363. Heath hakufukuzwa siasani. Mwaka 1970 akawa waziri mkuu. Ukiambiwa kwamba mwanachama mwaminifu hapingani na chama chake, una jibu.

Cha pili ni cha Margaret Roberts, ambaye baadaye aliitwa Thatcher. Alifika koleji ya Somerville mwaka 1943 kusoma kemia. Oxford Union haikupokea wanawake kuwa wanachama kamili hadi 1963, kwa hiyo mlango uliowatoa wanasiasa wengi wa kiume ulikuwa umefungwa kwake. Ule wa OUCA ulikuwa wazi. Katika uchaguzi wa 1945 alikwenda kumpigia debe Hogg yuleyule mitaani Oxford, akapanda ngazi ofisi moja baada ya nyingine, na Oktoba 1946, akiwa rais, akakiwakilisha chama kwenye mkutano mkuu wa Conservative mjini Blackpool. Tunakisisitiza kisa hiki kwa sababu kinaonyesha mpangilio: kazi za mitaani zilitangulia, urais ukafuata. Wanaotaka kuanza na urais huishia njiani.

Cha tatu kinauma, na ni lazima kisemwe. Mwaka 2009, kwenye kikao cha wagombea kujinadi, wagombea waliulizwa mzaha mchafu zaidi wanaoujua, na mmoja akatoa mzaha wa ubaguzi wa rangi. Wasimamizi wa nidhamu wa chuo walikifutia chama usajili, nacho kikalazimika kuacha kwa muda kutumia jina la chuo. Kosa halikuwa la mdomo mmoja tu. Chumba kizima kiliruhusu swali lenyewe liulizwe. Ukikalia kiti cha mwenyekiti, kazi yako ya kwanza ni kuzuia swali kama hilo kabla halijajibiwa.

Marais wengine wa zamani, waliofika baraza la mawaziri, ni pamoja na William Hague, Jeremy Hunt na Jacob Rees-Mogg. Theresa May, waziri mkuu wa baadaye, hakuwa rais, lakini ni kwenye dansi ya OUCA mwaka 1976 ambako Benazir Bhutto wa Pakistan alimtambulisha kwa Philip, mume wake wa baadaye. Rishi Sunak, naye waziri mkuu wa baadaye, ambaye baba yake alizaliwa Kenya na mama yake Tanganyika, alisoma Oxford hapohapo, na wakati wake aliupeleka zaidi kwenye klabu ya uwekezaji. Suella Braverman, waziri wa zamani wa mambo ya ndani na binti wa baba aliyetoka Kenya, alikuwa mwenyekiti wa chama ndugu cha Cambridge, kilichoanzishwa 1921.

Jumapili usiku

Shughuli inayojulikana zaidi inaitwa Port and Policy. Ni mjadala wa Jumapili usiku wakati wa muhula: hoja chache, kwa kawaida tatu, watu wamebanana, kelele nyingi, na divai tamu ya Ureno mikononi. Muhula una wiki nane tu, kwa hiyo ukikosa Jumapili mbili umekosa robo ya siasa ya muhula huo.

Vaa suti au koti na tai. Kanzu safi na koti juu, au gauni la heshima na mtandio, havina shida yoyote. Pombe si sharti. Omba juisi au maji mlangoni bila kueleza sababu. Ukianza kujieleza, unawapa watu mada. Kwa wanaokunywa, tahadhari: divai hii ina kilevi cha karibu asilimia 20, mara moja na nusu ya divai ya kawaida, na utamu wake unaficha ukali. Glasi mbili kabla ya kusimama kuzungumza ni nyingi mno.

Jumapili ya kwanza sikiliza tu. Angalia nani anapewa nafasi na kwa nini. Ya pili, simama na useme. Usingoje ya tatu, kwa sababu woga hukua kwa kungojewa.

Hotuba ya mtu anayesimama kutoka kwa wasikilizaji ni dakika mbili hadi tatu. Kwa Kiingereza cha kasi ya wastani hiyo ni maneno 300 hadi 400. Ukiandika 700 utakatwa katikati, kabla hujafikia hoja yako nzuri. Unamwelekea mwenyekiti, kama vile mbunge wetu anavyosema "Mheshimiwa Spika" hata anapomjibu mtu wa upande wa pili. Chukua hoja moja, mfano mmoja, na jibu moja kwa aliyetangulia. Jibu liwe mwanzoni, maana ndilo linaloonyesha kwamba ulikuwa unasikiliza.

Mfano ndio unaokosekana zaidi, na hapa mtu wa Afrika Mashariki ana akiba ambayo wenzake hawana. Chukua hoja kuhusu wahamiaji. Mwaka 1968 serikali ya Labour ndiyo iliyopitisha sheria ya haraka kuwazuia Waasia wa Kenya wenye pasipoti za Uingereza. Mwaka 1972 Idi Amin alipowapa Waasia wa Uganda siku 90 za kuondoka, serikali ya Conservative chini ya Heath ndiyo iliyowapokea takriban 28,000, huku wahafidhina wenzake wakina Enoch Powell wakipinga. Mfano huo unavunja dhana za pande zote mbili ndani ya sekunde 40. Andaa mitatu au minne ya namna hiyo kabla ya muhula, na uhakikishe tarehe zake, kwa sababu chumbani humo daima kuna mwanafunzi wa historia.

Utakatizwa. Watu wanapiga kelele, wanacheka, wanarusha maneno. Ukikatizwa kwa neno moja, endelea. Ukikatizwa kwa swali la kweli, lijibu kwa sentensi moja urudi pale ulipoishia. Usilumbane na aliyekukatiza, maana hapo umempa dakika zako. Lafudhi haimwangushi mtu. Kinachomwangusha ni kusoma karatasi akiwa ameinamisha kichwa. Andika maneno matano tu kwenye kipande cha kadi.

Nyumba kwa nyumba

Hii ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo inayopuuzwa. Anayejua balozi wa nyumba kumi anaielewa tayari, isipokuwa hapa hakuna posho, hakuna fulana wala khanga, na mwenye nyumba hakukaribishi ndani.

Timu ni watu watano hadi wanane. Mmoja anashika ubao wenye orodha ya mtaa iliyotolewa kwenye daftari la wapiga kura, wengine wanagonga milango na kumrudia na majibu. Mwenye ubao hagongi mlango. Akianza kugonga, mnapoteza hesabu na nyumba moja inagongwa mara mbili. Mlangoni sema jina lako, sema unatoka Chama cha Conservative, muulize anayetajwa kwenye orodha kama yupo, muulize kero gani inamsumbua mtaani, kisha muulize kama kwa kawaida anawapigia kura Conservative. Majibu yanawekwa kwa herufi: C kwa wanaowaunga mkono, L kwa Labour, D kwa Liberal Democrats, na kuendelea. Dakika mbili zinatosha. Lengo si kumgeuza mtu mlangoni. Lengo ni kujua nani wa kumkumbusha siku ya kura. Kijana mwenye maneno mengi anayebishana robo saa na mtu wa Labour amewakosesha wenzake nyumba saba.

Kwa vipeperushi, usiingize vidole kwenye tundu la barua: kuna mbwa nyuma ya mlango, na springi za vifuniko vingine zinabana vibaya. Wazoefu hubeba mwiko bapa wa mbao wa jikoni, hukunja karatasi juu yake na kuisukuma ndani. Funga geti kama ulivyolikuta. Hakikisha karatasi ina jina na anwani ya mchapaji na ya aliyeitoa, kwa sababu sheria ya uchaguzi inadai hivyo na kukosekana kwake ni kosa la jinai. Ile orodha ya ubaoni ni taarifa za watu zinazolindwa na sheria: usiipige picha, usiiache kwenye basi, irudishe usiku uleule.

Ndani ya jiji la Oxford wahafidhina ni dhaifu sana. Halmashauri ina madiwani 48, nusu yao huchaguliwa kila baada ya miaka miwili, na wa Conservative huwa vigumu kumpata hata mmoja. Ndiyo maana vikundi vya wanafunzi husafiri kwenda majimbo ya jirani kama Banbury, Henley and Thame, na Witney, ambako David Cameron, waziri mkuu wa zamani, alikuwa mbunge kuanzia 2001 hadi 2016. Lakini hata huko, Julai 2024 chama kilipoteza viti vyote vya Oxfordshire. Mwanafunzi anayejiunga sasa anajiunga wakati wa ukame, na kwa kweli huu ni wakati mzuri wa kujifunza, kwa sababu kila mkono unahitajika na hakuna foleni ya kungoja kazi.

Jambo ambalo wengi wetu hawalijui: raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wanaoishi Uingereza kihalali wana haki ya kupiga kura katika chaguzi zake, za bunge na za halmashauri. Hii inawahusu Watanzania, Wakenya, Waganda na Wanyarwanda. Mrundi na Mkongo hawamo, mpaka wawe na uraia mwingine unaowaingiza. Jiandikishe mtandaoni kwa anwani ya koleji angalau siku 12 za kazi kabla ya uchaguzi. Vituo hufunguliwa saa 1 asubuhi hadi saa 4 usiku, na tangu 2023 lazima uonyeshe kitambulisho chenye picha. Pasipoti ya nchi ya Jumuiya ya Madola inakubaliwa.

Kumleta mgeni

Mzungumzaji wa muhula ujao anaandikiwa muhula huu. Wiki nane hadi kumi kabla ndizo zinazofaa. Mwaliko wa wiki mbili hujibiwa na msaidizi kwa sentensi moja ya pole. Mwandikie anayeshika shajara ya mbunge. Aya ya kwanza iwe na kila kitu: tarehe mbili za kuchagua, saa, idadi ya wasikilizaji, muda wa kuzungumza na muda wa maswali. Sifa kwa mgeni ziwe sentensi moja. Wabunge huwa London Jumatatu hadi Alhamisi, na treni kutoka Paddington inachukua takriban saa moja, kwa hiyo jioni ya katikati ya wiki inawezekana, ila kura ya lazima bungeni ikitangazwa mgeni hafiki hata kama aliapa. Weka mbadala aliye Oxford tayari, mhadhiri au diwani, na umweleze wazi kwamba ni mbadala. Thibitisha wiki moja kabla, kisha asubuhi ya siku yenyewe.

Mgeni wa kuwasha moto apimwe kabla, si baada. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Kenneth Clarke, mwenyekiti wa wahafidhina wa Cambridge, alimwalika Oswald Mosley, aliyewahi kuwa kiongozi wa mafashisti wa Uingereza. Rafiki yake Michael Howard, ambaye ni Myahudi, alijiuzulu chamani, kisha akamshinda Clarke katika uchaguzi wa rais wa Union ya Cambridge. Baadaye waliketi pamoja kwenye baraza la mawaziri. Sheria ya 1986 ilivitaka vyuo kulinda uhuru wa wageni kuzungumza, na iliyopitishwa 2023 imeongeza uzito, lakini sheria haikuambii kama mwaliko wenyewe una faida. Jiulize: wasikilizaji watajifunza nini wasichoweza kukijua bila mtu huyu kuwepo? Ukikosa jibu la sentensi moja, usimwite.

Ukumbi ukiwa hauna leseni ya pombe na mnauza vinywaji, au bei yake imo kwenye tiketi, peleka taarifa ya shughuli ya muda kwa halmashauri siku 10 za kazi kabla. Ada ni pauni 21 na watu wasizidi 499 kwa wakati mmoja. Siku ya shughuli na siku ya kupeleka hazihesabiwi, na hapo ndipo wengi huchelewa. Kwa watu 40, glasi mbili za mililita 75 kwa kila mmoja ni lita 6, yaani chupa 8. Punguza mbili, nunua juisi lita 6 na maji ya kutosha. Chupa zikibaki zinahifadhiwa. Kilevi kikizidi, ndicho kinacholeta yale ya 2009.

Kugombea na kukabidhi

Viongozi hubadilika kila muhula, rais naye ni wa muhula mmoja. Gombea kwanza nafasi ndogo ya kamati, halafu ukatibu au uweka hazina. Hazina ndiyo shule bora, kwa sababu inakufundisha kwamba ukumbi wa bei mbaya huua chama haraka kuliko upinzani.

Vyama vya Oxford vimezoea kura ya kupanga wagombea kwa namba, na anayezoea kura ya alama ya vema moja hukosea mahesabu. Tuseme wapiga kura ni 60: wa kwanza ana 26, wa pili 20, wa tatu 14. Wa tatu anaondolewa na karatasi zake zinasomwa upya. Kama 11 kati yake zimemweka wa pili katika namba 2, na 3 zimemweka wa kwanza, matokeo ni 31 kwa 29, na aliyekuwa akiongoza ameshindwa. Kwa hiyo waombe namba 2 wafuasi wa mpinzani wako, na usimseme vibaya mtu ambaye karatasi zake zitakuja kwako. Soma kanuni za uchaguzi kabla ya kuandika ujumbe hata mmoja wa kuomba kura; mara nyingi kampeni za maandishi zina masharti, na wagombea wazuri wameondolewa kwa ujumbe wa simu.

Ukishinda, wiki ya kwanza kagua usajili kwa wasimamizi wa chuo: katiba, majina ya viongozi, mlezi wa chama ambaye ni mhadhiri, na hesabu za muhula uliopita. Usajili ukilala, hakuna haki ya kutumia jina la chuo.

Wiki ya saba anza kukabidhi, usingoje ya nane, watu huwa na masanduku mlangoni. Mpe anayekupokea orodha ya wanachama, nywila za barua pepe, mihtasari, risiti, na barua za wageni waliokubali kuja muhula ujao. Kubadilisha majina ya watia saini benki huchukua wiki kadhaa, na likizo ya Krismasi ni karibu wiki sita. Fomu ikisainiwa Desemba mapema, mweka hazina mpya ataweza kulipia ukumbi wa Jumapili ya kwanza ya Hilary, muhula unaoanza Januari.